Usipake Rangi Mwezi wa Tano

Mdogo wangu wa Luchelele, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, kwa yale maneno ya fundi wako kwamba ulinunua rangi feki. Mara ya pili nikanyamaza. Umepaka chumba cha watoto mara tatu ndani ya miaka mitatu, na kila ukifika mwezi wa sita rangi inaumuka kama andazi, inapasuka, inadondokea kwenye neti ya mtoto. Hela ya ndoo tatu za rangi si ya mboga. Na shemeji naye, unasema, ameshanoa panga afyeke matete yote yaliyo mbele ya nyumba, "tulione ziwa tulilolilipia."

Umeyaandika hayo kama mambo mawili, la chumbani kwanza, la ufukweni mwishoni pale ulipobakiwa na nafasi. Mimi naliona jambo moja. Na ninyi wengine mnaolala mkisikia mawimbi, kuanzia Igombe mpaka Musoma, sogeeni tu, barua ni ya mmoja lakini unyevu ni wa wote.

Tuanze na rangi. Haikuwa feki. Tatizo ni kalenda yako. Umesema mwenyewe kwamba kila mwaka unangoja mvua ikatike, kisha mwezi wa tano mwishoni unamwita fundi. Mdogo wangu, hapo ndipo ziwa linapokuwa limejaa! Ziwa Victoria ni sinia kuliko sufuria: limetanda kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Maji yake mengi, kama sehemu nne kati ya tano, hayaletwi na mito. Huanguka kutoka mawinguni moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Na mlango wa kutokea ni mmoja, kule Jinja, Uganda, unakoanzia Mto Nile. Kwa hiyo masika ya kuanzia mwezi wa tatu yanaingia haraka na kutoka polepole. Mvua inapokatika, maji yako juu kabisa, na yale yaliyo ardhini chini ya sakafu yako yamepanda pamoja nayo. Juu kumekauka, chini kumelowa. Wewe unatazama juu.

Ukuta wa tofali za saruji hunywa maji kama utambi wa kibatari. Unayanyonya kwenye msingi, unayapandisha, kisha unatafuta pa kuyatolea. Ukiubandika rangi ya mafuta au ile ya kuoshwa, umeuziba pua. Maji yataisukuma rangi mpaka yapate njia. Ule unga mweupe uliouona chini ya rangi iliyobanduka, ambao mama mkwe wako anasema ni chumvi ya mkojo wa watoto (maskini watoto), ni chumvi kweli, ila imetoka kwenye udongo na saruji. Maji yameibeba, yamekauka, yameiacha pale.

Kabla hujatoa shilingi, fanya hivi. Chukua kipande cha nailoni ngumu ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, hewa isipite. Kiache siku mbili. Ukikuta matone kwa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone kwa nje, upande wa chumba, hayo ni ya hewa: watoto wanne wanapumua chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa hofu ya mbu, na nguo mbichi zimeanikwa kwenye kamba ya chumbani. Dawa yake ni kufungua madirisha mchana wa jua na kulisogeza kabati lisiguse ukuta, upana wa kiganja unatosha. Nguo nazo anika nje.

Yakiwa ya ukutani, toka nje uzunguke nyumba. Nitashangaa nisipokuta bustani. Sisi wanawake tunapenda kupandisha maua ukutani, tunaongeza udongo, tunaongeza samadi, mwisho udongo uko juu kuliko sakafu ya ndani. Ile nailoni au lami ambayo fundi aliweka juu ya msingi kuzuia unyevu, kama aliiweka, sasa imezikwa na haina kazi. Ondoa udongo wote mpaka ushuke chini ya sakafu kwa kiasi cha shubiri. Chimba mtaro mwembamba kuzunguka nyumba, uujaze kokoto, uuelekeze bondeni. Hilo tu limeponya kuta nyingi nilizoziona, na halihitaji fundi, linahitaji kijana mwenye jembe na chakula cha mchana.

Halafu bandua lipu iliyooza, ndani na nje, kuanzia chini mpaka shubiri mbili juu ya ule mstari wa unyevu. Iache wazi. Nyumba itatia aibu, najua, na wifi zako watasema. Waache. Kuna kanuni ya zamani ya ujenzi kwamba ukuta hukauka kwa kadiri ya mwezi mmoja kila inchi. Tofali lako la inchi sita likikaukia pande mbili linahitaji kiangazi kizima, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa. Ndiyo maana nasema usipake mwezi wa tano. Bandua mwezi wa sita, paka mwezi wa tisa, kabla vuli haijaanza. Na ile sehemu ya chini isipigwe saruji kali tena. Mwambie fundi achanganye chokaa, na juu yake apake chokaa. Atakucheka kwamba unarudi kwenye nyumba za wakoloni. Chokaa inapumua, mwambie hivyo.

Lakini hata ukiyafanya yote hayo, swali linabaki: kwa nini maji yako karibu hivyo na kitanda cha mtoto? Hapo sasa namgeukia shemeji na panga lake.

Nitakusimulia ya kwetu. Mwaka 2006 ziwa lilirudi nyuma kuliko watu wengi walivyowahi kuona. Mitumbwi ilikwama kwenye tope, na mbele ya nyumba yetu ilitokea ardhi mpya, nyeusi, yenye rutuba, ambayo haikuwa na mwenyewe. Baba akapanda viazi vitamu, vikatoka vinene kama miguu ya mtoto. Mwaka uliofuata akafyeka matete ili aongeze shamba. Baadaye akajenga banda la kuku, kisha jiko la nje la kubanikia sato, kisha kibaraza cha kuzungumzia na wenzake, kila kitu hatua chache mbele ya kilichotangulia, kama mtu anayesogeza kiti kidogokidogo kuelekea kwenye sinia la wageni. Tulikuwa tunaliona ziwa lote, mpaka visiwani. Watu walitusifia.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, 2020, mama alinipigia simu. "Mayu, banda la kuku halipo." Hakusema limebomoka. Alisema halipo. Mwezi huo kipimo cha ziwa pale Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita kwa wembamba wa kidole rekodi ya mwaka 1964, ile iliyofuatia mvua kubwa za mwaka wa Uhuru. Ukilinganisha na mwaka 2006, maji yalikuwa yamepanda karibu mita tatu. Na mwaka 2024 yakapanda kuliko hapo.

Mita tatu unaweza kuziona ndogo, ni urefu wa ukuta wa chumba. Zilaze sasa. Chukua ufukwe kama wenu, unaoshuka mita moja katika kila mita 20 za kutembea. Maji yakipanda mita tatu, yatakuwa yamekutembelea mita 60. Sasa kasome Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, kinachokataza shughuli za kudumu karibu na ziwa au mto. Umbali uliotajwa ni mita 60. Watu wanazilalamikia hizo mita kana kwamba mtu wa serikali alizibuni ofisini ili atunyime kiwanja. Mimi tangu mwaka 2020 silalamiki. Nimezihesabu kwa miguu kutoka pale banda lilipokuwa.

Jirani yetu, bibi mmoja mjane, hakuwahi kufyeka. Tulimwona mvivu. Maji yalimfikia naye, nisikudanganye, yaliingia mpaka kwenye shamba lake la mihogo. Ila yaliingia yametulia. Kwetu yalikuja na mawimbi ya jioni, yale upepo unapovuma kutoka ziwani, na kila wimbi liliondoka na kikapu cha udongo. Maji yaliyotulia yanalowesha, mawimbi ndiyo yanayobomoa. Matete yanayavunja mawimbi kabla hayajafika, na mizizi yake inashika ukingo. Nyumba ya bibi haina ufa. Yetu ina mmoja upande wa ziwa, naujua urefu wake kama ninavyojua urefu wa mwanangu.

Matete hayaokoi kila kitu. Mwaka huohuo wa 2020, mafunjo mazima yaling'oka kandokando ya ziwa yakawa visiwa vinavyoelea, na mwezi wa nne kimoja kilikwenda kukwama kwenye bwawa la umeme kule Jinja, Uganda ikaingia gizani. Kwa hiyo usimwambie shemeji kwamba matete ni ngome. Mwambie ni ukuta asioulipia, unaojijenga upya wenyewe baada ya kubomoka.

Najua atakalojibu: atajenga ukuta wa mawe. Mwanza mawe si haba, tunayo hadi mlangoni. Ila ukuta uliosimama wima hauvunji wimbi, unalirudisha, na likirudi linachimba chini ya miguu ya ukuta. Miaka michache mbele ukuta unainama ziwani kama mlevi. Nyuma yake nako maji ya mvua yanajaa kwa kukosa matundu ya kutokea, yanausukuma. Kama ni lazima kabisa, mawe yapangwe mteremko kwenye wavu wa chuma, na kabla ya jiwe la kwanza apite kwa watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi zao ziko hapahapa Mwanza. Faini na kubomolewa ni ghali kuliko nauli ya bajaji.

Akitaka kuona ziwa, apasue njia moja tu katikati ya matete, upana wa watu wawili, na aipinde kidogo ili wimbi lisipate barabara iliyonyooka mpaka kibarazani. Usiku asiitumie, kiboko anapenda njia iliyofyekwa na mtu mwingine. Mamba sina haja ya kumtaja.

Watoto nao wataifuata njia hiyo, kwa hiyo nisikilize. Kichocho cha tumbo kiko kwenye ufukwe wetu, na konokono wake wanakaa palepale kwenye maji ya magoti yenye majani, pale watoto wanapopenda kuchezea. Vijidudu hutoka kwa konokono mchana, jua likiwa kali, vikapenya kwenye ngozi nzima bila hata mchubuko. Maji ya kuoga yavutwe kwenye simtanki, yalale siku mbili bila konokono ndani, vijidudu vinakuwa vimekufa. Ya kunywa ni habari nyingine, hayo chemsha. Na dawa za kichocho zikigawiwa shuleni, usimfiche mtoto nyumbani kwa sababu zinamtia kichefuchefu. Mpeleke akiwa ameshiba.

Choo. Hili watu hawaliandiki kwenye barua lakini naulizwa pembeni, kwenye harusi hasa. Choo kikianza kukoroma mwezi wa nne na maji yakakataa kushuka, usikimbilie gari la majitaka. Mara nyingi shimo limejaa maji ya ardhini, na ukilinyonya leo kesho limejaa tena, umelipa bure. Tena kama karo lako ni tanki la plastiki lililozikwa, likiwa tupu wakati ardhi imelowa linaweza kuibuka, nimeona moja limenyanyua zege lake kama kasa. Punguza maji yanayoingia, ya kufulia yapeleke kwenye migomba, vumilia. Nyonya kiangazi. Na siku ukipata hela ya kuchimba jipya, lichimbwe nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, mbali na ziwa na mbali na kisima.

Kiangazi ndicho kipindi cha kupanda juu ya paa pia. Ndugu zetu wa Tanga wanahangaika na chumvi ya bahari inayotafuna mabati. Sisi chumvi hatuna, tuna upepo wa mchana. Unatoka ziwani kila siku, unatikisa bati, msumari unalegea nusu nywele, kisha nusu nywele nyingine. Mwezi wa nane mpandishe kijana agonge misumari ya upande wa ziwa, na atazame kama kenchi zimefungwa kwenye mkanda wa ukuta kwa waya au zimekaa kwa uzito wake tu. Asafishe na gata. Vuli ikianza mwezi wa kumi inakuja na kumbikumbi na radi, na bonde hili la ziwa ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi Afrika. Chomoa televisheni ukutani mawingu yakikusanyika. Usingoje ngurumo ya kwanza, kwangu ndiyo iliyoondoka na friji.

Mdogo wangu wa Bukoba, kalenda hii usiinakili. Kwenu mvua ni kama mara mbili ya Mwanza, kwa sababu upepo unaotoka mashariki unalivuka ziwa zima ukibeba maji, unakuja kuyamwaga kwenu. Kiangazi chenu ni kifupi, kwa hiyo anza kubandua lipu mapema, na huenda ukahitaji miaka miwili kumaliza kuta nne. Wa Kigoma nanyi mna ziwa jingine na mvua nyingine, mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne kwa mkupuo mmoja. Hesabuni zenu.

Nimebakiwa na wale wadudu. Umeandika kwamba ulidhani kuna moto ziwani: moshi mweusi umesimama juu ya maji kama nguzo, kisha ukasogea, ukaingia sebuleni. Wageni wote hushtuka. Hawaumi, mdogo wangu, wala hawana kinywa cha kukuumia. Wanaibuka kutoka kwenye tope la chini ya ziwa, na wanazidi karibu na mwezi mwandamo, zile siku za giza ambazo wavuvi wa dagaa wanatoka na taa. Wanachotafuta kwako ni taa. Saa kumi na mbili na nusu zima taa zote zinazotazama ziwa, acha moja ya njano nyuma, kwa kuku. Asubuhi usiwafute ukutani kwa kitambaa kibichi, watakuachia michirizi ya kijani ambayo hata rangi yako mpya ya mwezi wa tisa haitaificha. Wangoje wakauke, fagia kwa ufagio laini, wapelekee kuku. Buibui watakaokuja kuwafuata waache mpaka mwezi uandame tena.

Magugumaji yakisukumwa na upepo mpaka kwenye njia yenu, yavutwe kwa reki mpaka nchi kavu, mbali, yakauke kabisa ndipo yawe mbolea ya migomba. Kuyasukuma tena majini ni kumpelekea jirani, na upepo ukigeuka jirani atakurudishia.

Kitu kimoja nataka mkifanye wikendi hii, wewe na shemeji, kabla panga halijatoka stoo. Tafuteni mzee wa hapo Luchelele aliyekuwepo mwaka 1964, au mtoto wake, awaoneshe maji yalifika wapi. Pigeni kigingi hapo. Halafu muulizeni mtu mwingine kuhusu mwaka 2020 na 2024, pigeni na hivyo. Simameni kwenye kile kilicho karibu zaidi na nyumba, mtazame dirisha la chumba cha watoto liko umbali gani.

Mimi nitakuja mwezi wa tisa kuona ukuta umekaukaje. Nitabeba kiti changu mwenyewe, nikikalie nyuma ya matete, na shemeji aniandalie sato.